Kujenga mkusanyo wa filamu za Sidney Poitier: tuanze na zile mbili zilizopigwa Kenya

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaopenda sinema za zamani kiasi cha kutaka kuzimiliki. Ninayemzungumzia ni Sidney Poitier, aliyezaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927 kwa wazazi waliokuwa wakulima wa nyanya katika kisiwa cha Cat huko Bahamas, na akafariki tarehe 6 Januari 2022 akiwa na miaka 94. Kuanzia No Way Out ya mwaka 1950 hadi The Jackal ya mwaka 1997 aliigiza katika filamu za sinema zipatazo 40, na kuanzia mwaka 1972 akawa pia mwongozaji. Idadi hiyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuikusanya kwa miaka michache, mradi ajue anaanzia wapi.

Wengi huanzia mwaka 1967, kwa sababu katika mwaka huo mmoja alitoa To Sir, with Love, In the Heat of the Night na Guess Who's Coming to Dinner, na zote tatu zilijaza kumbi. Hizo ndizo zinazopatikana popote, ndizo zinazorudiwa kwenye televisheni, na ndizo zinazotajwa kila anapotajwa. Siwakatazi kuwa nazo. Ninachosema ni kwamba mkusanyo unaoanzia hapo humwonyesha Poitier mmoja tu, yule bwana mwenye suti safi na maneno ya busara, ilhali kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo njia nyingine ya kuingilia kazi yake, iliyo karibu zaidi na nyumbani. Filamu zake mbili zilipigwa Kenya, zikiwa zimepishana kwa miaka 18, na ukiziweka pamoja kwenye rafu utaona jinsi mtu huyu alivyobadilika, na jinsi Hollywood ilivyobadilika kidogo kuliko yeye.

Ya kwanza ni Something of Value ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Richard Brooks kwa kampuni ya MGM. Ilipigwa Kenya wakati Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ingali inatumika, na ilitoka katika mwaka uleule ambao Dedan Kimathi alinyongwa, yaani Februari 1957. Hadithi inatokana na riwaya ya Robert Ruark, Mmarekani aliyeijua Kenya kama nchi ya uwindaji, kwa hiyo hakuna ajabu kwamba macho ya filamu ni macho ya mlowezi. Rock Hudson ni Peter, mtoto wa shamba la wazungu, na Poitier ni Kimani, Mkikuyu aliyekua naye kama ndugu. Siku Kimani anapopigwa kofi na shemeji wa Peter, na baadaye baba yake anapofungwa kwa kufuata mila ambayo sheria ya mkoloni iliita mauaji, njia ya msituni inafunguka mbele yake.

Filamu hii ina kasoro nyingi, na mtu anayejua historia ya Mau Mau atakunja uso mara kadhaa, hasa pale suala la ardhi linapopewa nafasi ndogo kuliko suala la viapo. Hata hivyo mtazameni Poitier baada ya lile kofi. Hasemi kitu, wala hafanyi ishara kubwa, lakini uso wake unaeleza kwa nini kijana huyu hatarudi tena shambani, na maelezo hayo ni mazito kuliko hotuba zote alizoandikiwa Hudson. Alikuwa hajafikisha miaka 30 wakati filamu ilipokuwa ikitengenezwa. Kwangu mimi hapo ndipo anapoipokonya hadithi mikononi mwa mwenye riwaya.

Ya pili ni The Wilby Conspiracy ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ralph Nelson. Hadithi yake iko Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, lakini kwa sababu zinazoeleweka haikuwezekana kuipiga huko, basi Kenya huru ikasimama badala yake. Poitier ni Shack Twala, mwanamapinduzi aliyetoka gerezani, anayekimbia kutoka Cape Town kuelekea Johannesburg na kisha mpakani pamoja na mhandisi Mwingereza anayechezwa na Michael Caine, huku nyuma yao akiwapo ofisa wa usalama anayechezwa na Nicol Williamson kwa ubaridi wa kutisha. Ni filamu ya kukimbizana, yenye vichekesho mahali ambapo havikutarajiwa. Kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi hulipita bila kulijua: Wilby mwenyewe, yule kiongozi ambaye kila mtu anamtafuta, anachezwa na Joe de Graft, mwandishi wa tamthilia kutoka Ghana ambaye katika miaka hiyo alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sasa ziwekeni pamoja. Mwaka 1957 Mwafrika anayechukua silaha ni msiba, na hadithi inamhukumu kufa. Mwaka 1975 Mwafrika anayepigania nchi yake ndiye stelingi, na watazamaji wanataka afike. Mwigizaji ni yuleyule, nchi iliyopigwa picha ni ileile. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna uhuru wa Kenya, kuna harakati za haki za kiraia Marekani, na kuna Poitier mwenyewe ambaye mwaka 1959 alitia saini, pamoja na mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, barua ya kuchangisha fedha za ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Yaani miaka miwili tu baada ya kumcheza Kimani, alikuwa akisaidia vijana wa nchi ya Kimani kupanda ndege.

Kuhusu upatikanaji, Something of Value ilitolewa na kampuni ya Warner mwaka 2009 katika kasha la diski nne liitwalo Sidney Poitier Collection, pamoja na Edge of the City, A Patch of Blue na A Warm December. Kwa maoni yangu hilo ndilo kasha la kwanza la kununua, hata likiwa limetumika. Edge of the City, ambayo pia ni ya mwaka 1957, ni filamu ndogo ya makuli wa bandarini New York, iliyoongozwa na Martin Ritt, na urafiki wa Poitier na John Cassavetes humo ni wa watu wawili walio sawa kabisa, jambo ambalo lilikuwa nadra katika sinema ya Marekani ya wakati huo. A Warm December ya mwaka 1973 aliiongoza mwenyewe, na ni hadithi ya mapenzi ya mjane Mmarekani na mwanamke wa ubalozi wa nchi ya Kiafrika jijini London, mwanamke anayeugua selimundu. Si filamu kubwa. Lakini ni nani mwingine katika miaka ile aliyekuwa akitengeneza sinema ya mapenzi kuhusu ugonjwa unaotugusa sisi?

Kasha hilo linapatikana wapi na linachezwaje ni suala jingine, na nadhani wachangiaji wataliuliza. Karibuni.

Mchangiaji wa pili (Dar es Salaam)

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru. Nina swali na nina pingamizi. Swali ni hili: nilimwagiza ndugu yangu aliyeko Marekani aniletee DVD fulani ya zamani, ikafika salama, lakini deki yangu ikakataa kuisoma na kuandika kwamba eneo si sahihi. Je, niliuziwa nakala mbovu? Pingamizi ni kwamba umeidharau In the Heat of the Night. Ilipata tuzo tano za Oscar ikiwamo ya filamu bora, na kile kibao ambacho Tibbs, mpelelezi mweusi anayechezwa na Poitier, anamrudishia yule tajiri wa pamba baada ya kupigwa ni tukio ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwa namna ile. Ukitaka kuzungumzia kofi, basi zungumzia makofi yote mawili.

Mwanzisha uzi

Mkuu, pingamizi lako ni zuri na linanisaidia. Kofi la 1957 halirudishwi hapohapo, na la 1967 linarudishwa katika sekunde ileile. Mtu aliyeona la kwanza ndiye atakayelielewa la pili kwa ukamilifu, na ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa kutazama. Sikuidharau filamu hiyo. Nimesema tu kwamba isiwe mlango wa kuingilia. Ikifika zamu yake, chukua na ndugu zake wawili, They Call Me Mister Tibbs! ya 1970 na The Organization ya 1971, ingawa nakutahadharisha kwamba Tibbs wa filamu hizo ni mpelelezi wa kawaida tu wa San Francisco, na moto wa ile ya kwanza haumo.

Kuhusu deki: nakala yako huenda haina kosa lolote. Diski za DVD hupewa namba za maeneo. Marekani na Kanada ni eneo la 1; Ulaya Magharibi, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni eneo la 2; Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tumo eneo la 5. Diski ya eneo la 1 hukataliwa na deki iliyofungwa kwa eneo jingine. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku kwetu hazina kizuizi hicho au zinaweza kufunguliwa kwa namba za siri za rimoti, kwa hiyo uliza kabla ya kununua deki. Blu-ray zina mgawanyo wake: Marekani ni A, sisi na Ulaya ni B. Matoleo ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa upya filamu za zamani, ambayo ndiyo bora zaidi kwa A Raisin in the Sun, In the Heat of the Night na Buck and the Preacher, yamefungwa kwa A, na kizuizi cha Blu-ray ni kigumu kukiondoa kuliko cha DVD. Ukitaka kwenda njia hiyo, nunua kwanza deki isiyobagua maeneo, kisha diski.

Mchangiaji wa tatu (Leicester)

Nawasalimu kutoka Uingereza, ambako nimeishi kwa muda mrefu. Naongeza jambo moja kwa wanaotegemea jamaa walioko huku. Maduka ya hisani ya huku huuza DVD kuukuu kwa bei ya kutupa, kwa kuwa watu wengi wamehamia kutazama kwa intaneti, na filamu za Poitier za miaka ya 1960 huonekana humo mara kwa mara. Hizo ni za eneo la 2 na za mfumo wa PAL, ambao ndio mfumo wa televisheni za Afrika Mashariki, kwa hiyo hazisumbui sana. Jamaa zenu wakija likizo, diski kumi bila makasha hazichukui nafasi ya kiatu kimoja. Waambieni tu wasitupe majalada ya karatasi, kwani mkusanyaji bila jalada ana nusu ya kitu.

Jambo la kuzingatia ni muda wa filamu. Nakala ya PAL huendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo filamu hupungua kwa asilimia 4 hivi. Something of Value yenye dakika 113 ukiikuta kwa PAL itasoma dakika 108 na ushee, na hakuna kipande kilichokatwa. Lakini ikisoma dakika 95, hapo jiulize nani ameshika mkasi.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, hilo la dakika ni la kuandikwa ukutani. Naongeza na upana wa picha, kwa sababu kanda nyingi za VHS na baadhi ya DVD za mwanzo zilikata pande mbili za picha ili ijaze televisheni za mraba. Kwa filamu kama The Long Ships ya 1964, ambamo Poitier ni mwana wa mfalme wa Wamori mwenye nywele za ajabu, pengine hasara si kubwa. Kwa filamu nzuri ya picha pana, mtu aliyesimama pembeni akisikiliza hupotea kabisa, na mara nyingi mtu huyo ndiye Poitier.

Mchangiaji wa nne (Mombasa)

Kaka, mimi sina subira ya makasha. Hapa mtaani nimeuziwa diski moja yenye filamu kumi za Poitier, na nyingine nimewekewa kwenye flashi. Kuna ubaya gani?

Mwanzisha uzi

Ubaya wa kwanza ni kwamba hakuna aliyelipwa, na pale ambapo hakuna anayelipwa, hakuna atakayesafisha filamu za zamani na kuzitoa upya. Ubaya wa pili ni picha yenyewe. Diski moja ikibebeshwa filamu kumi, kila filamu hubanwa mpaka vivuli vya nyeusi na nyeupe vinageuka matope, na filamu za Poitier za kabla ya 1960 nyingi ni za nyeusi na nyeupe. Uso wa mtu mweusi katika mwanga hafifu ndio huathirika kwanza, na huo uso ndio tunaoufuata. Mtu anayetaka kuziona tu, bila kukusanya, heri akodi kihalali mtandaoni pale zinapopatikana.

Flashi nayo haifai kuwa ghala. Ni chombo cha kusafirishia. Kwako Mombasa kuna adui mwingine ambaye ndugu zetu wa Nairobi hawamjui vizuri, nao ni unyevu wa pwani na hewa ya chumvi. Diski zisimame wima kwenye makasha yake, mbali na ukuta unaotoa jasho na mbali na jua la dirishani. Usibandike karatasi juu ya diski wala kuiandika kwa kalamu ngumu, kwa kuwa tabaka linalobeba picha liko karibu zaidi na upande wa maandishi wa CD, na hata kwenye DVD karatasi isiyo sawasawa huiyumbisha diski inapozunguka. Tofautisha pia diski zilizochapwa kiwandani na zile zinazochomwa moja moja kwa oda, kama Warner ilivyoanza kufanya mwaka 2009 kwa filamu zisizo na wanunuzi wengi. Za kuchomwa ni halali na zina ubora wa kuridhisha, lakini rangi inayoshika data humo huchakaa kwa joto na mwanga, kwa hiyo ziweke mahali penye baridi kuliko zote ulizonazo.

Mchangiaji wa tano (Muscat)

Shekhe wangu, umetaja filamu nyingi, lakini hujaigusa Porgy and Bess. Nimeitafuta kila mahali, sikuipata. Je, mkusanyo unaweza kuitwa kamili bila hiyo?

Mwanzisha uzi

Hapo umegusa kidonda cha kila mkusanyaji wa Poitier. Filamu hiyo ya mwaka 1959 iliongozwa na Otto Preminger na kutayarishwa na Samuel Goldwyn, ambaye alipewa haki za opera ya mtunzi George Gershwin kwa miaka 15 tu. Muda ulipokwisha haki zikarudi kwa warithi wa Gershwin, ambao hawakuipenda filamu, na tangu hapo imeonyeshwa kwa nadra sana. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, lakini kuhifadhiwa si kuuzwa. Nakala zinazozunguka ni za picha mbovu, nami sizihesabu. Poitier mwenyewe hakuitaka kazi ile. Aliikubali kwa shingo upande kwa sababu mlango wa The Defiant Ones, iliyomfanya mwaka 1959 kuwa mwanamume mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mwigizaji bora, ulikuwa umefungamanishwa nayo. Tena hata sauti ya kuimba humo si yake, ni ya Robert McFerrin. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo: acha nafasi yake tupu kwenye rafu, na mkusanyo wako uite kamili.

Ukamilifu ninaoupigania ni wa namna nyingine. Heri mtu awe na filamu kumi na mbili zinazozungumza kuliko arobaini zilizopangwa kwa alfabeti. Kwa mfano, panga kwa waongozaji aliorudi kwao. Ralph Nelson alimwongoza katika Lilies of the Field ya 1963, filamu ya bei ndogo ambayo Poitier alikubali malipo madogo kwa kupewa sehemu ya mapato, na ambayo ilimpa Oscar Aprili 1964. Akamwongoza tena katika Duel at Diablo ya 1966, kisha The Wilby Conspiracy. Richard Brooks alikuwa naye katika Blackboard Jungle ya 1955, akiwa mwanafunzi mkaidi, halafu akampeleka Kenya. Ukifuata nyuzi hizo mbili, filamu zetu mbili za Kenya hazibaki visiwa.

Mchangiaji wa pili (Dar es Salaam)

Nimekuelewa, mkuu. Basi nipe za kuanza nazo kabla mshahara haujaisha.

Mwanzisha uzi

Nunua lile kasha la Warner, utapata nne kwa mkupuo. Ongeza A Raisin in the Sun ya 1961, ambayo ina waigizaji wengi walewale wa jukwaani Broadway na ambayo ndani yake yumo Asagai, mwanafunzi wa Nigeria anayechezwa na Ivan Dixon. Kisha The Wilby Conspiracy. Baada ya hapo Buck and the Preacher, filamu yake ya kwanza kuiongoza, ambayo aliichukua baada ya mwongozaji wa awali kuondolewa siku chache tu tangu upigaji picha kuanza huko Mexico. Yeye na Belafonte wanapanda farasi kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani dhidi ya wawindaji wa vibarua. The Jackal na nyingine za uzeeni ziache mpaka mwisho, zinapatikana kila mahali na bei yake haipandi. Deki ukiipata, tujulishe humu ni ya aina gani, maana wengi wanasubiri jibu hilo kabla ya kutoa fedha.